Umelala Wapi Mwezi Huu? Kupima na Kutibu Malaria kwa Aliyerudi Moshi

Desemba ikifika katikati, mabasi ya kutoka Dar hushusha watu stendi ya Moshi usiku na mchana, na barabara za Rombo, Marangu, Machame na Kibosho hujaa magari tusiyoyaona mwaka mzima. Wachagga wanarudi kula Krismasi. Sisi wa zahanati tunajua kinachofuata, kwa sababu kabla mwaka mpya haujaingia, benchi la nje linakuwa na watu waliojifunika makoti mchana wa jua kali.

Mimi ni tabibu katika zahanati ya upande wa juu, njia ya Kibosho. Ninamwandikia tabibu kijana aliyepangiwa kazi mkoani kwetu akitokea chuo, na pia ndugu anayemwuguza mtu nyumbani. Sehemu za sindano ni za tabibu. Ndugu, wewe zisome ili uelewe mgonjwa wako anafanyiwa nini, usije ukachoma mtu.

Kwanza ujue uko wapi. Moshi mjini ni kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, Arusha kama 1,400, na vijiji vingi vya mlimani viko juu zaidi. Mbu wa Anofelesi anaweza kuwepo, lakini kimelea ndani yake kinahitaji joto ili kikomae. Joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi, kimelea kinachelewa mno, mbu anakufa kabla hajawa na cha kuambukiza. Ndiyo maana katika tafiti za kitaifa mikoa ya Kilimanjaro, Arusha na Manyara imekuwa chini kabisa kwa miaka mingi. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta malaria kwa watoto 8 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano nchi nzima, na Tabora peke yake ikafika 23. Mtanzania mmoja amelala Urambo, mwingine Uru. Hawana homa moja.

Hapo yanatoka mambo mawili yanayoonekana kugombana. Homa ya mtu ambaye hajatoka mlimani, mara nyingi si malaria. Lakini ikiwa ni malaria, inampiga vibaya kuliko inavyompiga mtu mzima wa Kigoma, kwa sababu mwili wake haujawahi kuizoea. Mmarangu wa miaka arobaini akienda Geita mwezi mmoja, kwa malaria yuko sawasawa na mgeni aliyetoka Uholanzi. Hata aliyezaliwa Bukoba akahamia Arusha miaka mingi, kinga aliyoipata utotoni inapungua. Anakwambia "malaria mimi nimekua nayo, hainisumbui." Msikilize kwa heshima, kisha mpime.

Kuhusu hilo la kwanza kuna utafiti ambao ningependa kila tabibu wa mkoa huu aukariri. Kati ya mwaka 2007 na 2008, watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili kubwa za hapa Moshi. Madaktari waliandika malaria kwa asilimia 60.7 ya wagonjwa. Vipimo vya uhakika vilipofanyika, waliokuwa wanaumwa kwa sababu ya malaria walikuwa asilimia 1.6. Wengine walikuwa na maambukizi ya bakteria kwenye damu, homa ya mgunda (leptospirosis), brusela, homa ya Kyu (Q fever), homa ya kupe, chikungunya. Yaani watu walikuwa wanatibiwa ugonjwa wasiokuwa nao, na ule waliokuwa nao haujaguswa.

Swali la kwanza

Usiulize "Umesafiri?" Swali hilo linadanganya. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo daktari."

"Marahaba, baba. Homa imeanza lini?"

"Juzi usiku. Nilitetemeka mpaka kitanda kikalia."

"Umesafiri hivi karibuni?"

"Hapana. Niko hapa nyumbani tangu tarehe ishirini."

"Na kabla ya tarehe ishirini ulikuwa unalala wapi?"

"Si nilikuwa kazini, Geita."

Hakudanganya. Kwake safari ni ile ya kwenda. Kurudi kwao kula sikukuu si safari. Kwa hiyo uliza: "Mwezi huu, na mwezi uliopita, umelala wapi na wapi?" Mwache ataje mwenyewe, mji kwa mji, usimkatize. Ukimaliza, rudi nyuma miezi mitatu. Halafu uliza kama alilala ndani ya chandarua, na kama kuna mwenzake waliokuwa naye anayeumwa.

Watu wa kuwafikiria hapa kwetu si watalii tu. Fikiria mchimbaji wa dhahabu, dereva wa lori anayeshuka Kongo na Zambia, mwanafunzi wa bweni aliyefunga shule Tabora, kijana aliyemaliza kidato cha sita akaenda JKT Bulombora, Kanembwa au Msange, mama anayefuata mitumba na nafaka mikoani. Na wapo wasindikizaji wa msiba. Mchagga akifia Mwanza analetwa kuzikwa kihambani, shamba la ukoo, na waliomleta wamelala kule siku kadhaa wakisubiri taratibu, nje, bila chandarua, wakiimba usiku kucha. Wiki mbili baada ya matanga mmoja wao anaanza kutetemeka, na ukoo mzima unasema ni uchungu wa msiba.

Kisha kuna Moshi ya chini. TPC, Kahe, Mabogini, Chekereni, huko kwenye miwa na majaruba ya mpunga mbu wapo na malaria ya papo hapo ipo, ingawa imepungua sana. Mtu wa Kibosho aliyekwenda kulinda mpunga wa shemeji yake Chekereni amelala mahali penye malaria, japo nauli yake ni ya daladala.

Hesabu ya siku

Kimelea cha falsiparam, ambacho ndicho chenye sehemu kubwa sana ya malaria ya Tanzania, hakimwangushi mtu siku anayoumwa na mbu. Kinaingia kwanza kwenye ini. Homa huanza mapema kabisa siku ya saba, kwa wengi kati ya siku ya tisa na ya kumi na nne, na karibu wote ndani ya mwezi. Wachache huchelewa hadi miezi mitatu, hasa waliomeza dawa za kinga nusunusu.

Hesabu hii inakusaidia pande zote mbili. Mtalii ametua KIA Jumatatu akitokea Ulaya moja kwa moja, Jumanne yuko geti la Machame, Jumamosi kambi ya Barafu anatapika na kichwa kinampasuka. Waongozaji wengine hukimbilia kusema malaria. Siku tano tangu aingie nchini, haiwezi kuwa malaria ya hapa. Huyo ana ugonjwa wa kimo, wa kupanda juu haraka mno, na dawa yake ya kwanza ni kushushwa, sasa hivi, si kesho asubuhi. Lakini kama mtalii huyohuyo alizunguka Uganda na Malawi wiki tatu kabla ya kuja kupanda mlima, mshushe na umpime malaria pia. Mambo mawili yanaweza kumkuta mtu mmoja.

Aina nyingine za malaria, vivaksi na ovale, zinaweza kujificha kwenye ini miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, ndipo zitoke. Aliyeishi India au Ethiopia mkumbuke kwa hilo.

Kupima

Kila mwenye homa, au aliyekuwa na homa siku mbili zilizopita, na amelala mahali penye malaria, anapimwa leo. Usisubiri homa ije kwa vipindi kama vitabu vinavyosema. Falsiparam hana adabu hiyo. Kuharisha, kukohoa kidogo, kuumwa mgongo, kutapika, vyote vinaweza kuwa malaria. Na usimpe dawa ya malaria kabla ya kutoa damu, isipokuwa ana dalili za hatari na huna kipimo kabisa.

Kipimo cha haraka, mRDT, ni kizuri ukikiheshimu. Angalia tarehe ya kuisha muda. Angalia pakiti haijatoboka na kile kifuko cha kukausha unyevu hakijabadilika rangi. Safisha kidole kwa spiriti na ukiache kikauke, maana spiriti ikichanganyika na damu inaharibu. Damu ni mikrolita 5, kiasi cha kile kijiko au mrija uliomo kwenye pakiti, usizidishe ukidhani ndiyo itaona zaidi. Weka matone ya bafa, kile kimiminika cha kwenye pakiti, idadi iliyoandikwa na usome kwa dakika zilizoandikwa, 15 au 20 kutegemea kampuni. Ukisoma dakika ya tano unaweza kusema hana wakati anayo. Ukikikuta mezani baada ya chai ya saa nne, majibu hayo si ya kuandika. Mstari wa pili hata ukiwa mwembamba kama uzi, ni chanya. Mstari wa C, ule wa kuhakiki kipimo chenyewe, usipotokea, kipimo kimeharibika, fungua kingine.

Mambo matatu kuhusu mRDT ambayo hayaandikwi ukutani. Inatafuta protini ya kimelea, siyo kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Aliyetibiwa Mwanza mwanzoni mwa mwezi akaja kwako mwisho wa mwezi, mstari utatokea hata kama homa ya sasa ni nimonia. Pili, soma jina la kipimo: kilichoandikwa Pf peke yake kinaona falsiparam tu, kilichoandikwa Pf/Pan kinaona na wengine. Tatu, katika nchi za Pembe ya Afrika, hasa Eritrea na Ethiopia, wapo falsiparam waliopoteza jeni la hiyo protini, hivyo kipimo kinawapita. Aliyetoka huko apimwe kwa hadubini.

Hadubini bado ni mfalme mahali pa malaria chache kama hapa, kwa sababu inakwambia ni kimelea gani na ni wangapi. Agiza tone nene na tone jembamba. Fundi wa maabara asiandike "hakuna" kabla hajapitia maeneo 100 ya tone nene. Akiwaona, awahesabu kwa chembe nyeupe 200 kisha azidishe mara 40, apate idadi kwa mikrolita moja ya damu. Vimelea 50 kwa chembe nyeupe 200 ni 2,000 kwa mikrolita.

Hapa niseme neno kuhusu "malaria tatu." Mgonjwa anaingia, kabla hajakaa: "Daktari, nimepima mjini, nina malaria tano." Mwingine ana mbili na nusu. Namba hizo zilianza kama hesabu halali ya vimelea kwa chembe nyeupe 200, lakini siku hizi zinatolewa hata na duka lenye mRDT pekee, na mRDT haihesabu kitu. Uliza: walitumia kioo au kile kiplastiki? Kama ni kiplastiki, namba hiyo imetoka kwenye kichwa cha mpimaji. Na hata ikiwa imetoka kwenye hadubini, "malaria moja" kwa mtu asiye na kinga si ndogo. Leo moja, kesho kutwa mamia. Usimwambie mtu "ni kidogo tu, pumzika."

Na lile karatasi la "malaria, taifodi na UTI" kwa mpigo, mara nyingi taifodi yake imetokana na kipimo cha Widal, ambacho kwa damu ya mara moja hakikupi uhakika wowote. Anayeandika magonjwa matatu mara nyingi hajaona hata moja.

Ikiwa kipimo ni hasi na safari ni ya kutilia shaka, usimpe dawa ya malaria "kwa usalama," na usimfukuze. Rudia baada ya saa 12 hadi 24, na tena, vipimo vitatu ndani ya siku tatu. Mwanzoni mwa ugonjwa vimelea huwa wachache mno. Vikitoka hasi vyote, iache malaria utafute kingine. Mwambie ndugu yake waziwazi: "Mama, leo haikuonekana. Mlete kesho asubuhi hata kama ameamka vizuri." Wengi hawarudi kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kurudi ni sehemu ya kipimo.

Kabla ya dawa: huyu ni wa kwenda nyumbani au wa kulazwa?

Mwangalie mtu kabla ya kuangalia karatasi. Anaweza kukaa na kusimama mwenyewe? Anajibu maswali sawasawa? Anakunywa na kinabaki tumboni? Degedege, kulegea, kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida, macho ya njano, mkojo wa rangi ya kokakola, kutokwa damu, weupe mkali wa viganja, kutapika kila kitu: lolote kati ya hayo ni malaria kali. Pima sukari ya damu, usibahatishe. Chini ya 2.2 ni hatari na inatibika dakika hiyo. Pima wingi wa damu. Vimelea wakizidi asilimia 10 ya chembe nyekundu ni kali hata kama mgonjwa anaongea na kucheka.

Na degedege ni dalili ya ubongo kuumwa. Bibi akitaka kumpeleka mtoto kwa mganga kwanza, usibishane naye mbele ya watu, mshike mkono, mwambie "Bibi, tumtibu homa kwanza, mengine mtazungumza akiamka."

Malaria isiyo kali

Dawa ni mseto, ALu, iliyochukua nafasi ya SP (Fansidar) nchini mwishoni mwa mwaka 2006. Kidonge kimoja kina atemeta miligramu 20 na lumefantrini 120. Pima uzito kwa mizani. Kilo 5 hadi chini ya 15 kidonge kimoja kila dozi, 15 hadi chini ya 25 viwili, 25 hadi chini ya 35 vitatu, 35 na kuendelea vinne. Dozi ni sita kwa siku tatu, hivyo mtu mzima anameza vidonge 24. Mkubwa wa kilo 100 haongezewi.

Saa ndizo zinazoharibiwa. Dozi ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza, siyo "jioni." Aliyemeza saa nne asubuhi anameza tena saa kumi na mbili jioni, kesho yake saa nne asubuhi na saa nne usiku, na kesho kutwa vivyo hivyo. Aliyefika kwako saa kumi jioni, dozi yake ya pili ni saa sita usiku. Mwekee kengele kwenye simu yake kabla hajatoka chumbani. Dozi ya kwanza ameze mbele yako. Akitapika ndani ya nusu saa, mpe nyingine. Akiitapika na hiyo, vidonge havimfai tena.

Lumefantrini haiingii vizuri mwilini bila mafuta, na mgonjwa wa malaria hataki chakula. Bahati yetu tuna mtori. Bakuli la mtori wa nyama yenye mafuta, au kikombe cha maziwa yasiyoenguliwa, au hata parachichi, kisha vidonge. Chai ya rangi na mkate mkavu haitoshi. Mtoto anayenyonya, anyonye.

Mjamzito katika miezi mitatu ya kwanza alikuwa anapewa kwinini. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza ALu hata kwa miezi hiyo. Angalia mwongozo ulio ukutani kwako unasemaje, na usimwache bila tiba kwa kuogopa. Panadoli ya homa inatosha. Klorokwini ya mtu aliyoificha kabatini haina kazi kwa falsiparam wetu. Sindano ya mwarobaini, sijui ni nani aliyeianzisha, ila mgonjwa akikutajia usiulize mara mbili, mwambie aache.

Aliyetoka Kagera mfuatilie kwa karibu zaidi. Kule wamekutwa vimelea wenye badiliko la jeni la K13 linalofanya dawa za jamii ya atemisinini ziwaondoe taratibu. Dozi inabaki ileile, lakini siku ya tatu arudi apimwe kwa hadubini, siyo mRDT. Homa ikirudi ndani ya siku 28 na hadubini ikaona vimelea, dawa mbadala ipo, ile ya piperakwini. Usirudie ALu kimazoea.

Vivaksi na ovale wanahitaji pia primakwini ya kuwatoa kwenye ini, na hiyo haitolewi kabla ya kupima kimeng'enya cha G6PD, kwa kuwa inaweza kuvunja damu ya asiyekuwa nacho. Hao wapeleke hospitali.

Malaria kali

Ni sindano ya atesuneti, na inaanza kwako, kabla gari la rufaa halijafika. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2010, uliohusisha watoto zaidi ya 5,000 Afrika, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba atesuneti ilipunguza vifo kwa asilimia 22.5 ikilinganishwa na kwinini.

Kilo 20 na zaidi: miligramu 2.4 kwa kila kilo. Chini ya kilo 20: miligramu 3 kwa kila kilo. Watoto wadogo wanahitaji zaidi kwa uzito wao, wala hapo hujakosea hesabu. Inatolewa sasa, baada ya saa 12, baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku mpaka aweze kumeza. Hata akiamka na kuomba uji baada ya sindano ya kwanza, zote tatu zinakamilishwa, halafu ALu dozi nzima ya siku tatu. Wapo wanaoishia kwenye sindano, mgonjwa anarudi wiki ya tatu na malaria ileile.

Kuchanganya: kichupa cha miligramu 60 kinaingizwa kile kimiminika cha bikaboneti, mililita 1, na kutikiswa mpaka kiwe angavu kabisa, kikiwa na ukungu, tupa. Kwa mshipa ongeza mililita 5 za maji ya chumvi, inakuwa miligramu 10 kwa mililita. Kwa msuli ongeza mililita 2, inakuwa 20 kwa mililita. Maji ya kawaida ya sindano hayatumiki hapa. Mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 144, yaani vichupa vitatu na kama mililita 15 kwa mshipa. Mtoto wa kilo 12 anahitaji 36, karibu mililita 2 msulini, mbele ya paja. Ikishachanganywa itumike ndani ya saa moja. Ya saa 12 ichanganye upya.

Kama zahanati yako haina sindano na mtoto yuko chini ya miaka sita, atesuneti ya njia ya haja kubwa inamfikisha Mawenzi au KCMC akiwa hai. Andika kwenye barua ya rufaa dawa gani, kiasi gani, saa ngapi. Barua isiyo na saa inamfanya mwenzako wa usiku abahatishe. Mpe glukosi kama sukari imeshuka. Dripu usimwagie mtu mzima bila kipimo. Mapafu ya mgonjwa wa malaria kali hujaa maji upesi.

Hasi, na homa bado ipo

Rudi kwenye swali la kwanza, sasa ukiuliza alifanya nini huko. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Maumivu nyuma ya macho na vipele vikufikirishe, na usimpe diklofenaki wala aspirini. Aliyezalisha mbuzi au kunywa maziwa mabichi, brusela na homa ya Kyu. Aliyelala kwenye nyumba ya udongo yenye papasi, homa ya papasi, na hiyo hadubini huiona kwenye kioo kilekile cha malaria kama fundi ana macho. Mwongozaji wa safari aliyerudi Serengeti au Tarangire, ana homa na kidonda kilichovimba alipoumwa na ndorobo, mwambie fundi atafute malale kwenye kioo hichohicho. Kagera imepata Marburg mwaka 2023 na 2025, hivyo homa yenye kutapika na kutoka damu kwa mtu wa huko inataka glovu, chumba cha peke yake na simu kwa mganga mkuu wa wilaya kabla ya kuchukua damu nyingine. Na mara nyingi kuliko zote hizo, ni nimonia au mkojo.

Akishapona

Aliyepata atesuneti, damu yake inaweza kuvunjika wiki moja hadi nne baadaye, wakati mtu amesharudi kazini na kusahau. Mpangie kupimwa wingi wa damu siku ya 7, 14 na 28, na kama likizo inaisha aondoke na karatasi inayosema hivyo, akapime hukohuko Geita. Mwambie dalili kwa maneno yake: ukichoka kupanda ngazi, ukikojoa kahawia, nenda siku hiyohiyo. Anayerudi sehemu zenye mbu aondoke na chandarua chenye dawa. Wanaobaki nyumbani mlimani hawahitaji kumeza chochote.

Namba ya simu ya mgonjwa na ya ndugu mmoja iandikwe kwenye rejista, pamoja na mahali alipolala, kijiji na wilaya, siyo "mkoani." Ukipata kipimo chanya cha mtu ambaye umemuuliza vizuri na kweli hajalala popote zaidi ya kwake Kibosho au Uru, kitunze kioo chake, kipelekwe kisomwe na mtu wa pili, na mjulishe mratibu wa malaria wa wilaya siku hiyohiyo ili waende kupima majirani.